Spika mpya hazitauponya ukumbi unaovuma: tuizungumze sauti kabla zege halijamwagwa

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu.

Nina zaidi ya miaka 15 mitamboni, nikichanganya sauti kwenye kumbi za maigizo, kwaya, mikutano na bendi. Kuna jambo nimekuwa nikilieleza kwa mtu mmojammoja, na karibu kila mara nalieleza ukumbi ukiwa umeshajengwa na pesa zimeisha. Leo naliweka hapa ili anayetarajia kujenga alikute mapema. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Niliwahi kuitwa kwenye ukumbi mpya siku mbili kabla ya uzinduzi. Sakafu ya marumaru, kuta zimepigwa plasta laini na rangi inayong'aa, dari iko juu kabisa. Mzuri kwa macho. Nikasimama katikati nikapiga kofi moja. Lile kofi likapanda darini, likashuka, likazunguka kuta, nikahesabu mpaka sekunde ya sita bado nalisikia. Nikajua tumekwisha.

Siku ya uzinduzi mtoto wa shule alipanda jukwaani kughani shairi. Alilighani vizuri mno, mimi nilimsikia kwenye hedifoni neno kwa neno. Lakini kuanzia safu ya sita kwenda nyuma watu walipata irabu tupu: a, o, u, zikielea hewani. Zile k, t, s na p, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, zilikuwa zimemezwa na mkia wa silabi iliyotangulia. Mwenye ukumbi akaja mitamboni akaniambia niongeze sauti. Nikaongeza, ikawa mbaya zaidi. Wiki iliyofuata zikanunuliwa spika 4 nyingine. Nikaitwa tena, na safari hii maneno yalianza kupotea kwenye safu ya nne.

Yule mtoto alistahili kusikilizwa. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo wengi wetu tunayaita kwa jina moja. Msemaji akitamka neno, unapokea sauti iliyonyooka kutoka kinywani mwake, halafu zinafuata zile zilizogonga dari, kuta na sakafu. Zinazofika ndani ya milisekunde 50 hivi, sikio linazijumlisha na ile ya kwanza na neno linapata nguvu. Kwa muziki sikio linavumilia mpaka kama milisekunde 80. Zikichelewa zaidi ya hapo zinageuka mzigo. Ikiwa ni moja yenye nguvu inayojitenga na kusikika peke yake, huo ndio mwangwi. Zikiwa maelfu zimechanganyikana na kufifia polepole, huo naomba tuuite mvumo. Dawa zake hazifanani, na anayetibu kimoja akidhani ni kingine anatupa pesa.

Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 50 ni mita 17. Jukwaa likiwa mita 24 kutoka ukuta wa nyuma, na ukuta huo ni mgumu na mtupu, neno la mwimbaji huenda na kurudi mita 48 na kumfikia baada ya milisekunde 140. Anaimba mstari huku silabi iliyopita inamgonga usoni. Waimbaji wengi wanaolaumiwa kwa kukosa mapigo wanapigana na ukuta wa nyuma.

Mvumo ulipimwa kwa mara ya kwanza kwa namna ya kuaminika na Wallace Clement Sabine, mwanafizikia kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alipewa kazi ya kurekebisha chumba cha mihadhara cha jumba la Fogg, ambamo neno moja lilisikika kwa sekunde 5.5 hivi baada ya kutamkwa. Hakuwa na kipaza sauti wala kompyuta. Alikuwa na filimbi ya kinanda, saa ya kuhesabu sekunde na masikio yake. Usiku yeye na wasaidizi wake walihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders Theatre, wakaiingiza mle chumbani michache michache huku akipima, na alfajiri wakairudisha. Aligundua kuwa hata nguo alizovaa zilibadili namba, akawa anavaa zilezile kila alipopima. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa 1900, ukumbi wa kwanza kusanifiwa kwa hesabu za sauti, na mpaka leo watu wa muziki wanauhesabu miongoni mwa kumbi bora duniani.

Hesabu yake ya muda wa mvumo, yaani sekunde ambazo sauti inatumia kufifia kwa desibeli 60 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), ni hii: chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji. Ufyonzaji unapimwa kwa dirisha lililo wazi: mita 1 ya mraba ya dirisha wazi hula sauti yote inayoifikia, kwa hiyo ni 1. Plasta na marumaru hula kidogo sana. Mtu mmoja aliyeketi hula kama nusu ya mita ya mraba.

Tuupime ukumbi wa kawaida, urefu mita 24, upana 15, kimo 8. Ujazo ni 2,880. Nyuso zote, yaani sakafu, dari na kuta, ni mita za mraba 1,344. Zikiwa ngumu zote tuzipe wastani wa 0.05, tunapata ufyonzaji wa 67 tu. Muda wa mvumo: sekunde 6.9. Waingize watu 300, unashuka hadi 2.1. Kwa hotuba na maigizo tunataka kama 0.7 hadi 1.0. Kwa opera 1.2 hadi 1.6. Okestra inapenda 1.8 hadi 2.2.

Sasa shusha dari ileile hadi mita 5 ukiwa bado kwenye karatasi. Watu ni walewale 300, kuta ni zilezile ngumu, na mvumo umeshuka hadi 1.4 bila kununua paneli hata moja. Ndiyo maana nasema kimo cha dari ni uamuzi wa sauti, na unafanywa na mtu mwenye kalamu, siyo na sisi wa mitamboni.

Na kwa nini spika haziponyi? Kuna umbali kutoka kwenye chanzo cha sauti ambapo sauti iliyonyooka na mvumo vinalingana nguvu. Ukivuka hapo, mvumo ndio unaotawala. Ukumbi wetu wa sekunde 6.9, kwa chanzo kinachotoa sauti pande zote, umbali huo ni mita 1.2 tu. Ukiongeza sauti, vyote viwili vinapanda pamoja na uwiano unabaki palepale. Ukiongeza spika, kila msikilizaji bado anapata sauti nyooka kutoka kwenye ile iliyo karibu naye, lakini zote zinamwaga mvumo kwenye chumba kimoja. Ndicho kilichotokea kwa zile spika 4.

Nawasilisha kwa kuanzia. Karibuni tuendelee.

Mchangiaji (fundi wa ujenzi)

Mkuu, umenifungua macho kwenye dari. Ila mimi wateja wangu wengi wanataka duara au kuba, wanasema sauti inakusanyika katikati na inasikika vizuri. Kuna ukweli?

Mleta uzi

Fundi, inakusanyika kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Ukuta uliobonyea kwa ndani hufanya kazi kama kioo cha tochi: unaokota sauti kutoka eneo kubwa na kuimwaga sehemu moja. Kiti kimoja kinapata sauti mara mbili, cha jirani hakipati kitu. Royal Albert Hall ya London ilifunguliwa 1871 ikiwa na kuba kubwa, na mwangwi wake ukaanza kulalamikiwa siku ileile ya ufunguzi. Iliishi nao karibu miaka 100 mpaka 1969 yalipotundikwa madude ya faibaglasi yanayofanana na uyoga chini ya kuba ili kuitawanya sauti kabla haijakusanyika. Mteja aking'ang'ania kuba, mwambie ama kitovu cha mkusanyiko kiwe juu sana ya vichwa vya watu, ama uso wa kuba uvunjwe uwe na mabonde na matuta.

Umbo ambalo halijawahi kuniangusha ni lile la boksi la viatu: refu, jembamba, lenye dari ya juu. Musikverein ya Vienna, ya 1870, ina urefu wa mita 49 hivi, upana 19 na kimo karibu 18. Wembamba ule unafanya sauti ya kuta za pembeni ifike haraka na itokee ubavuni. Masikio yetu yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo sauti ya kushoto na kulia ikitofautiana kidogo, msikilizaji anajihisi yuko ndani ya muziki. Harold Marshall, mtaalamu wa sauti wa New Zealand, ndiye aliyeisisitiza hoja hiyo miaka ya 1960. Halafu tazama picha za ukumbi ule: sanamu za dhahabu, vibaraza, dari yenye visanduku. Ni mapambo, lakini kila kinundu kinaitawanya sauti. Kuta zetu za kisasa zilizonyooka kama kioo zimeitupa kazi hiyo, kisha tunanunua paneli za kutawanya sauti kuirudisha. Elbphilharmonie ya Hamburg, 2017, ilibidi ichongewe kama paneli 10,000 za jipsamu kwa ajili hiyo, na ukumbi mzima umekalishwa juu ya springi 362 ili kelele za nje zisipenye.

Kuta mbili ngumu zinazotazamana nazo ziangalie. Piga kofi katikati yake utasikia *trrrrr*, kama ndege anayepiga mabawa. Inamisha mmoja kwa digrii 5 hivi, au uvunje uso wake, inakoma.

Na kama kuna roshani, kina cha sehemu iliyo chini yake kisizidi kimo cha uwazi wake. Wanaoketi mle ndani kabisa huwa wanasikiliza tamasha kama watu walioko chumba cha pili.

Mchangiaji (mpiga gitaa)

Sisi tulibandika trei za mayai ukumbi mzima wa mazoezi. Kelele bado zinatoka na besi bado inavuma. Tumekosea wapi?

Mleta uzi

Mkuu, kosa la kwanza ni kuziamini. Ni karatasi nyepesi. Inakwaruza kidogo masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, basi. Wimbi la besi la 100 Hz (mitetemo 100 kwa sekunde) lina urefu wa mita 3.4, halioni trei ya sentimita 5. Sponji nyembamba ni hivyohivyo: inakula king'aro cha sauti na kuacha besi, chumba kinabaki kizito na cha kusinzia. Ukitaka besi ishikwe, weka rokiwuli (pamba ya mawe) nene kwenye kona, sentimita 10 kwenda juu na nafasi ya hewa nyuma yake. Au plaiwudi nyembamba iliyosimama mbali kidogo na ukuta. Hiyo hutikisika na kula besi yenyewe.

Kufyonza na kuzuia ni kazi mbili. Kufyonza kunapunguza mvumo wa ndani. Kuzuia sauti isitoke kunataka uzito na kuziba matundu. Chukua mlango wa sentimita 90 kwa mita 2, uufanye wa chuma kizito utakavyo, kisha uache uwazi wa sentimita 1 chini. Uwazi huo ni nusu ya asilimia 1 ya mlango, na kwa huo tu mlango wote hautazuia zaidi ya desibeli 23 hivi. Mpira wa kuziba pale chini utakusaidia kuliko tani ya chuma. Kisha kuta mbili zenye nafasi katikati zinashinda ukuta mmoja wenye uzito wa zote mbili.

Na hili nalisema kwa herufi nzito: sponji ya kawaida ukutani inaua. Mwaka 2003 klabu ya The Station huko West Warwick, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa kuzuia kelele. Walikufa watu 100. Mwaka 2013 klabu ya Kiss, Santa Maria, Brazili, ikawa vilevile: fataki, sponji ya dari, moshi wenye sumu, watu 242. Trei za mayai ni karatasi kavu. Zitoeni leo. Rokiwuli haishiki moto, ifunikeni kwa kitambaa kilichothibitishwa kisichoshika moto.

Mchangiaji (mtu wa mitambo)

Mleta uzi nakuheshimu, ila hapo kwenye spika sikubaliani nawe moja kwa moja. Spika za kisasa zinaelekezwa. Nimefunga safu ndefu za spika ndogondogo kwenye jengo lenye mvumo wa sekunde 4 na watu wakasikia mahubiri.

Mleta uzi

Kaka, hoja yako ina uzito na naikubali kwa sehemu yake. Spika inayoelekeza sauti kwa watu, isiguse kuta na dari, inausogeza mbali ule umbali niliousema. Na watu ndio wafyonzaji wazuri, kwa hiyo kinachowafikia hakirudi sana. Kwa hotuba inafanya kazi. Kwenye jengo la kale ambalo huruhusiwi kugusa kuta zake, ndiyo njia pekee.

Mipaka yake ni besi. Safu hizo zinaelekeza masafa ya juu na ya kati. Besi inasambaa karibu pande zote, na kuielekeza ni kazi ngumu. Bendi yenye gitaa la besi na ngoma ya mguu kwenye ukumbi wa sekunde 4 inageuka uji. Muziki wa mitambo unataka mvumo mfupi, hasa kule chini, na hapo hakuna spika itakayokuokoa.

Kwa wanaoweka spika za nyuma, usisahau kuzichelewesha. Spika iliyo mita 20 mbele ya jukwaa icheleweshwe milisekunde 58 za safari ya sauti, kisha ongeza 10 hadi 15. Hapo sikio litaamini kuwa sauti inatoka jukwaani, jambo ambalo mtafiti Helmut Haas alilionyesha mwaka 1949. Usipofanya hivyo, mtu wa nyuma anasikia kila neno mara mbili.

Mchangiaji (mwalimu wa kwaya)

Ndugu zangu, mimi naogopa upande wa pili. Tulikuwa na ukumbi mzuri wa kuimbia, wakaweka mazulia na paneli kila mahali ili mikutano isikike. Sasa sauti za waimbaji zinakufa mdomoni. Wanalazimisha koo, wanachoka nusu saa.

Mleta uzi

Mwalimu, umegusa penye uchungu. Ukumbi uliokufa ni kosa sawa na ukumbi unaovuma. Royal Festival Hall ya London, 1951, ilitoka kavu kuliko walivyokusudia, na miaka ya 1960 wakalazimika kufunga maiki na spika nyingi za siri darini kurefusha mvumo wa besi. New York nao, 1962, walifungua Philharmonic Hall kwa matumaini makubwa. Besi haikuwepo ya kutosha, wanamuziki hawakusikiana jukwaani. Wakarekebisha na kurekebisha, 1976 wakaubomoa ndani wote wakaujenga upya, na bado haukutulia. Ulipofunguliwa tena 2022 ukiwa David Geffen Hall walikuwa wamekata viti kutoka 2,738 hadi 2,200 na kulisogeza jukwaa mbele. Kung'ang'ania viti vingi ni sababu moja ya kumbi nyingi kuharibika: kila kiti kinaleta mfyonzaji, na kinamsogeza mtu wa mwisho mbali zaidi.

Mwimbaji anahitaji sauti yake imrudie haraka. Weka mbao ngumu nyuma na juu ya kwaya, zulia lisikanyage jukwaa kabisa. Viti navyo viwe vya kitambaa, vinene kiasi cha kufyonza sauti kama mtu aliyeketi. Hapo mazoezi kwenye ukumbi mtupu yatafanana na tamasha lililojaa.

Halafu ukimya. Kiyoyozi kinachovuma kinakula pianissimo yote, yaani sehemu zinazoimbwa kwa sauti ya chini kabisa. Panua mabomba ya hewa: ukipunguza kasi ya hewa nusu, kelele ya matundu hushuka desibeli 15 hivi. Paa la bati nalo lidhibitiwe kwa tabaka zito chini yake, la sivyo mvua ikianza tamasha limekwisha.

Nikuombe kitu. Siku ukumbi uko mtupu, pasua puto mahali anaposimama mwimbaji, rekodi kwa simu nyuma ya ukumbi, uitazame kwenye programu inayoonyesha desibeli. Pima muda wa kushuka desibeli 30, zidisha mara 2.

Mchangiaji (mwalimu wa kwaya)

Nimefanya kwenye ukumbi mwingine tunaotaka kuhamia, wa mita 20 kwa 12, kimo 6, unaingiza watu 200. Mtupu nimepata sekunde 4.1. Unatumika kwa kwaya na kwa mikutano.

Mleta uzi

Vizuri sana Mwalimu. Ujazo 1,440, kwa hiyo ufyonzaji uliopo ni kama 56.5. Watu 200 wanaongeza 100, mvumo unashuka hadi 1.5. Kwa kwaya hapo pako pazuri, usiguse kitu. Kwa mikutano tushuke angalau hadi 1.2, tunapungukiwa ufyonzaji wa 37 hivi. Usinunue paneli za kudumu. Pazia zito lenye mikunjo mingi linakula kama nusu ya sauti, kwa hiyo unataka mita za mraba 73 au 74. Liweke kwenye kuta za pembeni, nusu ya nyuma, mahali ambapo zina mita za mraba 120 kwa jumla, juu ya reli ili lifunguke na kufungwa. Ukuta wa nyuma uuvunje kwa mbao zenye vimo tofauti usije ukawarudishia waimbaji mwangwi.

Siku ya kwaya fungua pazia, siku ya mkutano lifunge. Siku wakija watu 100 tu, mvumo utapanda hadi 2.2, hapo lifunge hata kwa kwaya, utarudi 1.6. Kabla ya kushona lote, tundika nusu, upasue puto jingine uniletee namba hapa.